Kipa wa Tatu

Mwezi Juni udongo mweusi wa Simiyu huanza kupasuka. Mvua zimekata, wakulima wanasomba pamba kwenda kwenye vyama vyao vya ushirika, AMCOS, na viwanja vya shule kuanzia Maswa hadi Busega vimekauka. Penye udongo wa mbuga nyufa hupanuka hadi kidole cha mguu kikazama ndani. Penye luseni, ule mchanga wa kwenye miinuko, kuna nafuu kidogo, lakini shule nyingi zilijengwa pale eneo lilipopatikana, na uwanja ukachongwa hapo hapo.

Miezi hiyo ya ukavu ndiyo mpira unapochezwa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Fedha ya pamba imeingia, kazi za shamba zimepungua, na vijiji vinaandaa mashindano ya kuwania ng'ombe au mbuzi. Wanafunzi wako kwenye mchujo wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na UMISSETA, ya sekondari, kutoka shuleni hadi wilayani, kisha kambi ya timu ya mkoa. Muda si mrefu baadaye, mbali na hapa, Simba, Yanga na Azam zinaingia kambini kujiandaa na msimu mpya wa Ligi Kuu. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili wa Itilima na mchezaji wa kulipwa wa Kariakoo wanapigania namba katika majira yale yale, na miili yao inakabiliwa na hatari ile ile ya kutoka kwenye mapumziko na kutumbukizwa ghafla kwenye kazi nzito.

Sura hii ni ya namba moja tu uwanjani. Beki wa kulia akiumia, beki wa kati husogea akaziba. Winga akikosekana, kocha hubadili mfumo. Kipa hana jirani wa kuazimwa. Mkoa wa Simiyu una wilaya tano na, kwa sensa ya mwaka 2022, watu 2,140,497. Siku ya mechi timu yake ya wavulana wa sekondari inahitaji kijana mmoja wa kusimama kati ya milingoti, na wengine wote waliodaka vizuri huko wilayani watakaa benchi au watabaki nyumbani. Ushindani wa namna hii una ukatili wake. Mshambuliaji wa tatu kwa ubora huingizwa dakika ya 70 akapata nafasi ya kujieleza kwa miguu yake. Kipa wa pili anaweza kumaliza msimu mzima bila kugusa mpira wa ushindani, na mara nyingi kinachomfungulia mlango ni mwili wa mwenzake kugoma.

Nimefuatilia mpira wa mkoa huu kwa muda wa kutosha kuona tunapojidhuru. Tunabishana kwa saa nyingi nani kipa bora. Hatuulizi nani anaandaliwa nyuma yake, na hasa nani anamfundisha yule wa tatu, ambaye jioni ya mazoezi hupewa kazi ya kuokota mipira iliyopita nyuma ya goli.

Simba ya miaka ya karibuni inatupa mfano ulio wazi kuliko wowote ninaoujua hapa nchini. Kipa Aishi Manula alihamia Simba akitokea Azam mwaka 2017, na kwa miaka kadhaa lango la klabu hiyo na la Taifa Stars lilikuwa lake. Aprili 2023 akaumia katika mchezo wa Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Ihefu. Zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya kukutana na Yanga, na baada ya Yanga ilikuwa inasubiri robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Wydad Casablanca. Kocha Robertinho akamsimamisha langoni Ally Salim, kijana ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akitajwa wa tatu katika orodha ya makipa.

Tarehe 16 Aprili Simba ikaifunga Yanga 2-0. Tarehe 22 Aprili ikaifunga Wydad 1-0 Dar es Salaam. Tarehe 28 Aprili, Casablanca, Wydad wakarudisha bao hilo hilo moja, kisha wakapita kwa penalti 4-3. Kipa wa tatu alikuwa amecheza mechi tatu ambazo kipa yeyote nchini angezihofia, na ndani ya muda wa kawaida wa mechi hizo zote aliruhusu bao moja. Kiwango kile hakikuzaliwa Aprili. Kilijengwa kwenye mazoezi ya miezi mingi ambayo hakuna shabiki aliyeyatazama, na huenda hata viongozi hawakuyatilia maanani.

Klabu haikutaka kuanza msimu uliofuata ikiwa na shaka langoni. Julai 2023 ikamsajili Mbrazili Jefferson Luis, na timu ikaenda kuweka kambi Uturuki. Ligi haijaanza, wakaachana naye kwa sababu ya majeraha. Akatafutwa mwingine, Ayoub Lakred, Mmorocco aliyetokea FAR Rabat. Wakati hayo yote yakiendelea, Ngao ya Jamii ilikuwa imefika, na mtu aliyekuwa mzima na tayari alikuwa yule yule Ally Salim. Tarehe 10 Agosti, Uwanja wa Mkwakwani, Tanga, Simba ikaitoa Singida Fountain Gate kwa penalti. Siku tatu baadaye, kwenye uwanja huo huo, ikatoka sare tasa na Yanga na kushinda kwa penalti 3-1. Ally Salim alipangua tatu. Vibanda umiza vya Bariadi vilijaa siku ile, na nina hakika wengi waliokuwemo waliondoka wakiamini kwamba suala la kipa limekwisha.

Halikwisha. Tarehe 5 Novemba 2023 Manula alirudi langoni dhidi ya Yanga baada ya miezi mingi ya jeraha na matibabu. Simba ikafungwa 5-1, na baada ya siku mbili Robertinho hakuwa kocha tena. Mabao matano hayawezi kubebeshwa mtu mmoja, maana safu nzima ya ulinzi ilikatika jioni ile, na Manula anastahili heshima kwa kukubali kusimama. Uamuzi wenyewe ndio ninaoujadili hapa. Daktari anaweza kuthibitisha kwamba jeraha limepona. Kipimo cha hospitali hakimwambii kocha kama macho ya kipa yamezoea tena kasi ya mpira unaobadilishwa njia na mguu wa beki, kama anajua beki wake atasogea hatua ngapi krosi ikija, kama bado anauamini mwili wake pale anapojirusha upande ulioumia. Mambo hayo hurudi kwa kucheza, na mechi ya watani wa jadi ni mahali pabaya pa kuyatafutia.

Lakred akashika lango na kulitunza vizuri. Julai 2024 timu ikaweka kambi Ismailia, Misri, chini ya kocha mpya Fadlu Davids, na huko Lakred akaumia. Safari hii klabu ikakimbilia Guinea na kumleta Moussa Camara kutoka Horoya. Tarehe 8 Agosti 2024 akawa langoni dhidi ya Yanga kwenye Ngao ya Jamii, akiwa na wiki moja hivi na wenzake, na Simba ikafungwa 1-0. Camara akabaki na namba yake, na Mei 2025 akaifikisha Simba fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane.

Ukihesabu tangu Aprili 2023 hadi Agosti 2024, utakuta makipa wanne waliobeba lango la Simba na wa tano aliyeondoka bila kudaka mechi hata moja ya ligi. Makocha walichagua, ndiyo. Lakini zamu kubwa zilipangwa na misuli na viungo, na majeraha mawili yaliangukia kwenye miezi ya maandalizi.

Mchezo mwingine wenye mtu mmoja wa namna hii unachezwa mbali sana nasi. Katika mpira wa miguu wa Kimarekani kila timu ina kwotabeki, yule anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua aurushe, aukabidhi au akimbie nao. Namba ni moja, na vyuo vikuu hufanya kambi ya Agosti kumtafuta mwenye namba hiyo huku mashabiki wakisubiri kwa hamu. Agosti 2014 Chuo Kikuu cha Ohio State kilikuwa na Braxton Miller, mmoja wa wachezaji waliotajwa sana nchini humo. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa bega mwezi Februari. Siku chache kabla ya msimu bega lile lile, la mkono wa kurushia, likaumia tena mazoezini, na mwaka wake ukaishia hapo. Akaingia J.T. Barrett, kijana ambaye hakuwa amecheza mechi hata moja ya chuo. Akaipeleka timu hadi mwisho wa Novemba, kisha akavunjika kifundo cha mguu dhidi ya Michigan. Akabaki Cardale Jones, wa tatu. Mechi yake ya kwanza kuanza Ohio State ilishinda 59-0 dhidi ya Wisconsin. Ya pili iliifunga Alabama 42-35. Ya tatu, tarehe 12 Januari 2015, iliifunga Oregon 42-20 na kutwaa ubingwa wa taifa.

Ninayapenda matokeo hayo, lakini chanzo chake kinanivutia zaidi. Vyuo vile huwapa wa pili na wa tatu nao sehemu ya mazoezi, kwa mbinu zile zile. Na wakati wa mazoezi kwotabeki huvaa jezi ya rangi ya pekee, mara nyingi nyekundu, na kila mmoja uwanjani anajua kuwa mwenye jezi hiyo haangushwi. Wanashindana kwa nguvu zote, ila timu imeamua kwamba ushindani usimalize mtu kabla ya mechi ya kwanza. Wana shida yao pia. Tangu mwaka 2021 mwanafunzi anaweza kuhama chuo na kucheza papo hapo, bila kusubiri, kwa hiyo aliyeshindwa Agosti mara nyingi huondoka, na timu hubaki na mtu mmoja mzima na kijana asiye na uzoefu. Huku kwetu kipa aliyenyimwa namba hahamii popote. Anaacha kudaka. Anajaribu winga, au anaacha mpira kabisa, na kijiji kinagundua pengo lake siku kipa wa kwanza anapotolewa nje amebebwa.

Wapenzi wa Ligi Kuu ya Uingereza wanaikumbuka Reading na Chelsea, tarehe 14 Oktoba 2006. Kipa wa Chelsea, Petr Čech, aligongwa kichwani na goti la Stephen Hunt mchezo ukiwa ndiyo kwanza umeanza, fuvu likavunjika. Akaingia Carlo Cudicini, na kabla ya mwisho naye akagongwa na kupoteza fahamu. Nahodha John Terry, beki, akavaa glovu. Siku nne baadaye Chelsea ilikuwa na Barcelona kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya, na aliyedaka ni kipa wa tatu, Mreno Henrique Hilário. Chelsea ikashinda 1-0.

Sasa turudi kwenye miili, maana majeraha ya maandalizi yana sababu zinazoeleweka. Mchezaji anapopumzika wiki kadhaa, misuli hupoteza uwezo haraka, na anaporudi misuli hiyo hiyo hurejea haraka kuliko kano zinazoishikilia kwenye mfupa. Wiki ya pili kijana anajisikia ana nguvu, anaongeza kuruka na kujirusha, huku nyonga, nyuma ya paja na goti bado hazijawa tayari kubeba hizo nguvu. Kipa ana mzigo wake wa ziada. Kila kujirusha ni kuanguka, na kila kuanguka ni uzito wa mwili mzima kutua kwenye nyonga, kiwiko au bega. Kwenye nyasi laini ardhi hupokea sehemu ya kishindo hicho. Kwenye uwanja wa mbuga uliokauka mwezi Julai, mwili wa kijana hukipokea chote.

Nimewaona vijana wetu wakijikinga kwa walichonacho. Wanavaa suruali ndani ya bukta, wanashonea vipande vya sponji kwenye nyonga, wanatafuta glovu za vibarua zilizotumika. Ni ubunifu wa kupongezwa, na pia ni ushahidi kwamba tumewaachia watoto kazi ya watu wazima. Wengi wakishachubuka mara mbili tatu hujifunza kutojirusha. Wanapiga mpira kwa mguu, wanaruka wima, wanauacha wa pembeni upite. Kocha wa wilaya anapokuja kuchagua husema kijana ni mwoga, na kijana naye anaamini.

Kisha kuna namna tunavyowatibu. Kidole kikitenguka, mwenzake anakivuta hapo hapo uwanjani, bila kujua kama mfupa umepasuka. Goti likivimba, linachuliwa kwa nguvu kwa mafuta ya moto siku ile ile, wakati lilihitaji kupumzishwa, kufungwa na kuinuliwa. Akigongwa kichwa, anamwagiwa maji, anaulizwa jina lake, anarudishwa langoni. Hili la kichwa ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Kijana anayeona mawingu, anayetapika au asiyekumbuka matokeo ya mechi atoke na asirudi siku hiyo, hata kama anayeshindaniwa ni ng'ombe dume. Tangu Julai 2024 sheria za mpira zinaruhusu mashindano kuweka badiliko la ziada kwa mchezaji aliyegongwa kichwa, na waandaaji wa mashindano ya vijiji hawana sababu ya kusubiri barua kutoka popote kuanza kulitumia.

Wataalamu wa jadi wa kuunga mifupa tunao, na wapo wanaoaminiwa kwa vizazi. Siwadharau. Ninachoomba ni kwamba goti lililotoa mlio na kuvimba ndani ya saa chache lipigwe picha na lionwe na daktari kwanza, hospitalini hapa mkoani au kwa rufaa Bugando, Mwanza, kwa sababu kano ya ndani ya goti ikikatika haiungwi kwa vijiti wala kwa kuchuliwa. Kijana wa miaka 16 anayerudishwa uwanjani na goti la namna hiyo hapotezi msimu mmoja. Anapoteza goti.

Kinga nayo ipo, na haihitaji fedha nyingi. FIFA ilitengeneza utaratibu wa kupasha mwili uitwao 11+, wa dakika 20 hivi: kukimbia taratibu, kuimarisha kiwiliwili na nyuma ya paja, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa limekunjwa kidogo na kuelekea sawa na vidole, kisha mbio fupi za kubadili mwelekeo. Hauhitaji kifaa chochote zaidi ya mpira. Utafiti uliofanywa Norway kwa wasichana zaidi ya 1,800 wa miaka 13 hadi 17, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha majeraha makubwa yakipungua kwa karibu nusu katika timu zilizoufuata. Walimu wa michezo wa Simiyu wanaoufanya wapo. Wengi bado wanaanza mazoezi kwa mizunguko mitano ya uwanja na kunyoosha viungo kidogo, kisha mashuti moja kwa moja kwa kipa ambaye mwili wake bado umelala.

Na mchanga. Mito ya mkoa huu, Simiyu na Duma ikiwemo, huacha mchanga mwingi maji yanapokauka, na mchanga huo tunauchota kila siku kujengea nyumba. Kumwaga tabaka lake kwenye eneo dogo la goli, baada ya kuchimbua na kulainisha udongo wa juu, ni kazi ya wanafunzi wa darasa moja kwa jioni chache na gharama ya kuusafirisha. Haiondoi hatari yote. Inampa kijana mahali pa kujifunzia kujirusha bila kuogopa ardhi, na kipa asiyeiogopa ardhi huanguka kwa ustadi zaidi, kwa ubavu wa mkono na paja badala ya kiwiko.

Kuhusu wa pili na wa tatu, ninayo mapendekezo ambayo kocha yeyote wa shule anaweza kuyaanza Jumatatu. Wagawane mashuti sawa, si arobaini kwa wa kwanza na matano kwa wengine. Mechi za kirafiki za Juni wapewe nusu nusu, na ifahamike mapema nani anacheza lini ili asipatikane mtu wa kujilazimisha kucheza akiwa ameumia kwa hofu ya kupokonywa namba. Hofu hiyo huficha majeraha mengi kuliko tunavyodhani: kijana anayejua kwamba akikosa mechi moja amekwisha hatamwambia mwalimu kuwa nyonga inavuta. Aliyetoka kwenye jeraha apitie mazoezi kamili na walau mechi mbili za kawaida kabla ya kuwekwa kwenye mechi ya mtoano. Na pale bajeti ya safari ya timu ya mkoa inapobana, jina la kwanza kukatwa lisiwe la kipa wa ziada. Timu iliyosafiri kutoka Bariadi hadi Tabora au Iringa ikiwa na kipa mmoja mzima imeshaweka mashindano yake yote kwenye kifundo kimoja cha mguu. Mwalimu anayeona orodha ya namna hiyo aikatae kabla basi halijaondoka, na kama nafasi ni moja tu iliyobaki kati ya mshambuliaji wa sita na kipa wa tatu, ampakie kipa.